Sini yako inafanya kazi gani?

Miswada mingi ya riwaya inayonifikia kuhariri hapa Mombasa ina lugha tamu kweli. Mtu akikuelezea Marikiti asubuhi unasikia hadi harufu ya binzari. Shida ni kwamba unafika ukurasa wa 40 na bado unajiuliza, sasa huyu mhusika anatafuta nini? Ameamka, amepiga mswaki, amekunywa chai kwa mahamri, amepanda matatu ya kwenda mjini, kisha akakutana na rafiki yake, kisha wakapiga stori, kisha, kisha... matukio tele lakini ploti hakuna.

E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, alilieleza hili mwaka 1927 kwa mfano mfupi mno. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa: hiyo ni hadithi tu. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa kwa majonzi: hapo sasa una ploti. Kilichoongezeka ni sababu. Na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishasema kwamba kitu ambacho ukikitoa hakuna kinachoharibika basi si sehemu ya kazi yenyewe. Huo ndio mtihani ninaoutumia mpaka leo: naitoa sini nzima, yaani onyesho moja la hadithi, naunganisha ya kabla yake na ya baada yake, nasoma, na kama stori inapita bila kukwama namwandikia mwandishi pembeni, hii inafanya kazi gani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Zuhura anavuka feri kwenda Likoni kwa shangazi yake, wanasalimiana nusu ukurasa, wanakula wali wa nazi, anarudi. Imeandikwa vizuri ila hakuna kilichotokea. Sasa mpe haja. Anataka hati ya nyumba ya marehemu babake, imewekwa kwa shangazi, na wakili anaitaka kesho asubuhi. Shangazi naye ameshaiacha kwa mtu aliyemkopesha pesa na hajamwambia yeyote. Hebu soma salamu zilezile:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mamako hajambo?"

"Hajambo. Shangazi, nimekuja kwa ile hati..."

"Na mguu wake je? Wamuuma bado?"

"Unaendelea vizuri. Hati, shangazi."

"Keti kwanza ule. Jua lote hili watoka ng'ambo, wataka kuondoka na njaa?"

Unaona? Huku Pwani huwezi kumkatiza mtu mzima anapokujulia hali, ni kukosa adabu, kwa hivyo shangazi anajificha nyuma ya adabu yenyewe na Zuhura hana la kufanya. Kila swali ni la upendo na kila swali linamsogeza mbali na ile hati. Msomaji anaanza kushuku kabla ya Zuhura. Taharuki imeingia na hakuna hata mmoja aliyepaza sauti, na hii mimi naipenda kuliko sini kumi za watu kupigana.

Halafu sini iishe kitu kikiwa kimebadilika. Zuhura akienda kunawa mikono anapita chumbani, anaona lile kabati ambalo miaka yote lilikuwa na kufuli liko wazi, ndani hakuna kitu. Ameingia akitaka hati, anatoka akitaka kujua iko kwa nani. Na sasa ndio umwelezee msomaji feri na maji vile unavyotaka manake foleni ni ndefu, wakili anapiga simu, na msomaji anaisubiri hiyo feri pamoja naye.

Kitu kimoja tu usifanye: usimkutanishe kwa bahati na huyo mkopeshaji humo ndani ya feri, amwonee huruma, ampe hati. Sadfa ya kumtia mhusika matatani msomaji anaikubali, ya kumtoa anaona amedanganywa.

Si lazima upange riwaya nzima kabla hujaanza, kuna waandishi wazuri wanaoigundua stori njiani na sina neno nao. Lakini rasimu ya kwanza ikiisha, kabla hujasahihisha hata koma, chukua karatasi uandike kila sini kwa mstari mmoja, na kati ya mstari na mstari uweke "kwa hivyo" au "lakini". Pale ambapo "kisha" ndio neno pekee linalokubali kukaa, tia alama. Kazi ya rasimu ya pili inaanzia hapo.