Steringi boksi inavuja? Usiijaze grisi

Nimefungua steringi boksi nyingine wiki hii, lile boksi la gia lililo chini ya nguzo ya usukani kwenye magari ya zamani. Mwenye gari alilalamika kwamba usukani ni mzito kwenye kona, na barabara ikinyooka unacheza upana wa vidole vitatu kabla tairi hazijaitika. Nikamuuliza ndani kuna nini. Akajibu kwa amani kabisa: "Ilikuwa inavuja oili, fundi akaipiga grisi, ikaacha." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, na kila niyasikiapo najua nitakachokikuta chini ya kifuniko.

Nikakikuta. Boksi limejaa grisi ya beringi mpaka juu, safi, na rangi ile ile iliyotoka nayo koponi. Katikati yake pamechimbika pango lenye umbo la parafujo (skrubu nene inayozungushwa na usukani), kana kwamba limechongwa kwa kisu. Ndani ya pango hilo parafujo yenyewe ilikuwa kavu, imelika pale inapokaa gari likienda moja kwa moja, na beringi ya juu imeshika kutu. Grisi tele, na chuma kinasaga chuma.

Grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni, kama maji yanavyoshikwa na sifongo. Ile ya beringi ambayo kila mtu anayo ni daraja la 2 la NLGI, kipimo cha ugumu wa grisi: koni ya kupimia ikiachiwa ndani yake kwa nyuzi 25 za Selsiasi huzama milimita 26.5 hadi 29.5 tu. Yaani ukiiweka mahali, inakaa. Kwenye gurudumu hiyo ni sifa njema, kwa sababu beringi inazunguka mfululizo, inapata joto, na oili inatoka kwenye sabuni kidogo kidogo. Steringi boksi inaishi maisha mengine. Mwendo wake ni wa polepole, wa kwenda na kurudi, joto lake halipishani sana na la hewa inayoizunguka, na pini au rola inayopeleka mwendo kuelekea tairi inaburuzwa juu ya parafujo kwa nguvu kubwa kwenye eneo dogo. Kila ukikata kona, kilainishi kinasukumwa pembeni. Oili hurudi yenyewe. Grisi ya daraja la 2 hubaki ilikosukumiwa. Unachohitaji humo ndani ni kitu kinachorudi, na mengine yote ninayoandika hapa yanategemea hilo.

Basi oili gani? Tazama kitabu cha gari lako kwanza. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960, Land Rover za Series zikiwemo, yaliandikiwa oili ya gia SAE 90 ya EP (namba ya SAE ni ya unene, EP ni ya kuhimili mgandamizo mkubwa). Boksi lililochoka, lenye nafasi kubwa kati ya vyuma, mimi hulipa 140 bila kusita. Kuna wanaoogopa namba hizo wakidhani 90 ni nzito karibu mara mbili ya oili ya injini ya 50. Hivyo ni vipimo viwili visivyolinganishwa namba kwa namba: SAE 90 ya gia, ikipimwa kwa nyuzi 100, ina mnato wa karibu sawa na oili ya injini ya 40 au 50. Si lami.

Halafu GL-4 na GL-5, madaraja ya oili ya gia, ambako watu hugombana usiku kucha. GL-5 ina salfa na fosforasi nyingi zaidi kwa ajili ya difu za haipoidi (gia za ekseli zinazosuguana kwa nguvu), na salfa iliyo hai hula shaba. Boksi nyingi za zamani zina bushi za shaba, kwa hiyo mimi naweka GL-4. Lakini sitakutisha. Kemikali hiyo inataka joto ili ifanye kazi yake, na steringi boksi ni baridi. Tena GL-5 nyingi za leo zina salfa iliyotulizwa. Nimefungua maboksi yaliyokaa na GL-5 miaka mingi na bushi zake zilikuwa nzima. Boksi lililouawa na GL-5 sijaliona kwa macho yangu hata moja. Yaliyouawa na grisi nimeacha kuyahesabu.

Najua kosa linapoanzia: ni nipeli. Mtu anaona nipeli, mkono unakwenda kwenye pampu ya grisi bila kuuliza. Nipeli ni tundu la kuingizia tu, haikuambii kinachoingia ni nini. Morris Minor, ambayo inatumia raki (ufito wenye meno) badala ya boksi, ina nipeli kwenye raki, na kitabu chake kinataka ipigwe oili ya gia kupitia hapo. Oili! Raki ngapi zimekufa kavu huku mwenye gari akijisifu kwamba hupiga grisi kila mwezi? Soma kitabu kabla ya kushika pampu, nakusihi.

Kuna njia ya kati, grisi majimaji ya daraja la 0 au 00. Ya 00 huzamisha koni ile ile milimita 40 hadi 43, na inatambaa kama uji mzito. Kwa boksi ambalo sili yake haipatikani tena, naikubali. Ijaribu kwanza: weka kijiko kimoja kwenye sahani, chora mfereji kwa kidole, usubiri. Mfereji ukijifunga wenyewe, inafaa. Ukibaki wazi, utabaki wazi na ndani ya boksi. Ninachokitilia shaka mpaka leo ni beringi ya juu pale nguzo ya usukani inaposimama wima. Sina hakika kwamba 00 inaifikia vya kutosha, kwa hiyo huipaka kwa mkono wakati wa kuunganisha.

Kuhusu kuvuja: badilisha sili ya shafti ya chini, kagua gasketi, na usijaze kupita tundu la kujazia. Kwenye magari ambayo waya za honi zinapita kwenye bomba katikati ya nguzo, tazama pia nati inayobana bomba hilo chini ya boksi. Oili hupenda kutokea hapo, na watu huishutumu sili bure.

Ukitoa grisi ya zamani, itoe yote. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha ndipo uweke oili. Sabuni iliyobaki kwenye kona itaziba njia. Usikaze skrubu ya marekebisho ili kuficha mchezo kabla hujasafisha. Parafujo hulika zaidi katikati, na ukiikaza mpaka katikati pasicheze, itabana ukikata kona mpaka mwisho na usukani hautarudi wenyewe. Huko ni kutafuta ajali.

Baada ya kujaza, inua tairi za mbele kwa jeki, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kumi na tano polepole ili hewa itoke, kisha pima tena kimo cha oili. Itakuwa imeshuka. Ongeza. Pima tena baada ya wiki.