Je, wajua? Hedi ya dizeli hupasuka inapopoa

Fundi aliimwagia hedi mafuta ya taa, akaipangusa kwa tambara mpaka ikakauka, kisha akasugua chaki nyeupe katikati ya siti mbili za valvu, pale valvu zinapokalia. "Subiri," akasema. Tukasubiri. Polepole mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, ukajichora wenyewe juu ya chaki. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yanarudi juu.

"Kaka, hedi imekwenda."

Gari lenyewe lilikuwa Hilux ya dizeli ya shemeji yangu, ya kununua mkononi, yenye injini ya Toyota aina ya 1KZ-TE. Wiki mbili nyuma lilipanda mlima Kitonga na mifuko ya saruji, likachemsha, dereva akaliongeza maji, likafika Iringa bila kulalamika. Ndiyo maana shemeji alikuwa anabisha. Kama joto ndilo lililoipasua hedi, mbona gari halikufia pale pale mlimani? Mbona limetembea wiki mbili nzima ndipo lianze kumeza maji? Alikuwa anauliza kwa hasira, lakini lilikuwa swali la maana, na jibu lake lipo kwenye tope.

Tazama tope la mbuga. Likilowa na mvua linavimba, wala halipasuki. Linapasuka likianza kukauka, kwa sababu juu linataka kusinyaa huku chini likiwa limeshikwa na ardhi. Linavutwa pande zote mbili mpaka linaachia. Hedi ya dizeli hupasuka kwa namna hiyohiyo.

Hedi ni lile bonge linalofunika silinda kwa juu, lenye valvu, nozeli za kupuliza dizeli na njia za maji ndani yake. Uso wake wa chini ndio dari la moto. Kwenye 1KZ-TE, injini ya silinda 4 na ujazo wa cc 2,982, hewa husongwa mpaka ibaki sehemu moja tu ya sehemu 21 za nafasi iliyokuwa nayo. Dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe bila plagi, na gesi zake kwa sekunde kidogo sana hufika karibu nyuzi 2,000 za selsiasi. Tena dizeli hiyo haiwakii moja kwa moja juu ya pistoni. Huanzia kwenye chumba kidogo kilichochongwa ndani ya hedi, halafu moto hutoka kwa kasi kupitia tundu jembamba. Kwa hiyo kwenye eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto kuna tundu la moto, valvu ya kuingiza hewa baridi na valvu ya kutoa moshi uliowaka, vyote vimesogeleana. Kilichobaki katikati ni daraja jembamba la alumini.

Daraja hilo likipata joto linataka kutanuka. Litanukie wapi? Pembeni kuna alumini iliyopozwa na maji, haisogei. Basi linajibana lenyewe, na kwa kuwa alumini ya hedi ikivuka nyuzi 250 hivi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, linakubali kubonyea na kubaki fupi kidogo kuliko lilivyozaliwa. Mpaka hapo hakuna ufa. Injini ikizimwa, au maji ya baridi yakiingia, daraja linasinyaa, lakini sasa ni fupi na pande zake mbili bado zimeshikwa. Linavutwa. Kesho tena, keshokutwa tena. Kila safari ni kubonywa kisha kuvutwa, kama mtu anayekunja waya mbele na nyuma, na siku moja unywele wa kwanza unaonekana. Kuchemsha Kitonga kulilibonya daraja kuliko siku zote. Maji ya dereva yakalivuta kwa ghafla, na wiki mbili zilizofuata zikamalizia kazi.

Juu ya hilo kuna ugomvi wa vyuma viwili. Bloku ya injini hii ni chuma cha kusubu, hedi ni alumini, na alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Chukua hedi ya urefu wa nusu mita, ipandishe joto kwa nyuzi 100. Itarefuka karibu milimita 1.15, bloku chini yake karibu milimita 0.55. Tofauti ni zaidi ya nusu milimita, na vyote viwili vimefungwa pamoja kwa boliti, katikati ikiwa gasketi, ile bamba nyembamba ya kuziba. Kwa joto la kawaida wahandisi walishalipigia hesabu jambo hilo. Gari likichemsha, hesabu inavurugika, hedi inapinda kama ubao ulioachwa juani, na gasketi inaungua.

Ieleweke kwamba 1KZ-TE si injini mbovu. Ilitoka mwaka 1993, ikaingia kwenye Prado, Surf, Hiace na baadhi ya Hilux, na ina nguvu ambayo 3L na 5L, dizeli nyingine za Toyota zisizo na turbo, haziioni hata kwa mbali. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo ni moto wa ziada kupita kwenye dari lilelile. Na kwa kuwa tangu mwaka 2000 Toyota ilianza kuweka injini mpya ya 1KD-FTV mahali pake, 1KZ unayoikuta sokoni leo karibu zote ni mzee wa miaka 20 na zaidi, aliyepita mikononi mwa watu usiowajua, kila mmoja na milima yake.

Na wengi wa watu hao walikuwa wanatia maji ya kisima. Maji ya chumvi huacha ukoko ndani ya rejeta na kwenye njia za hedi, kama ule wa birika la chai, na ukoko haupitishi joto vizuri. Kulanti ya kweli, maji maalumu ya rejeta, huzuia kutu na ukoko, na huchemka juu zaidi ya maji matupu. Kuna pia mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote. Mjini Iringa, karibu mita 1,600 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta hushikilia presha na kuyasogeza mpaka kama 115. Springi yake ikichoka, nyuzi zote hizo 20 zimepotea, na mwenye gari ataambiwa anunue rejeta.

Halafu kuna ushauri huu ambao nimeusikia gereji zaidi ya tatu: "Toa thamostati, hii ni nchi ya joto." Thamostati ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Sikubaliani na ushauri huo hata kidogo. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka, mguu wake wa chini huziba njia ya mkato ambayo maji hupitia injini ikiwa baridi. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Tambarare mshale wa joto utakaa chini na utamsifu fundi. Utamkumbuka tena kwenye mlima wa kwanza, ukiwa na mzigo.

Mshale wenyewe nao usiuamini sana. Kitambuzi chake hupima maji. Maji yakiisha, kinabaki kimening'inia kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kushuka wakati hedi inaungua. Madereva wengi huona mshale umeshuka ghafla, wakashukuru Mungu na kukanyaga mafuta.

Tuje kwenye pesa, maana ndiko shemeji alikotaka tufike tangu mwanzo. Bei hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo nitumie mfano tu. Tuseme hedi tupu mpya, isiyo ya Toyota wenyewe, inauzwa shilingi milioni 2. Mtu husikia milioni 2 akadhani ndiyo gharama. Hedi tupu ni tupu kweli: valvu, springi na kamshafti vitahamishwa kutoka ya zamani, na valvu zisagwe upya zikae kwenye siti mpya. Ongeza seti nzima ya gasketi, boliti za hedi (za zamani zikishavutika hazibani tena kama mwanzo), mkanda wa taimingi maana umeshaufungua, oili na filta, kulanti, thamostati, mfuniko, kusafisha rejeta, kupima nozeli, na ufundi. Nozeli msizirukie, kwani nozeli inayodondosha dizeli badala ya kuipuliza huchoma sehemu moja ya dari, na hedi mpya itapasuka palepale ilipopasukia ya kwanza. Ukijumlisha, mfano wetu wa milioni 2 unakaribia 4. Anayekutajia bei ya hedi peke yake hajakutajia kazi.

Njia za mkato zipo. Ya kwanza ni kuchomelea. Ufa wa ubavuni, kwenye ukuta wa njia ya maji, mchomeleaji wa alumini mwenye gesi ya agoni anaweza kuutibu ukadumu. Ufa wa kwenye daraja kati ya valvu ni habari nyingine. Inabidi siti zing'olewe, ufa uchimbwe mpaka mwisho wake, hedi yote ipashwe moto, ichomelewe, isawazishwe, siti zikatwe upya, na bado alumini iliyopita kwenye moto huo imelainika. Mimi nisingelipia.

Ya pili ni hedi ya mtumba, kutoka Japani au kwa wauza vipuri wa Dubai na Sharjah. Ni halisi, na bei yake inavutia. Lakini ni ya umri uleule na ugonjwa uleule, na mara nyingi gari lake lilikatwa kwa sababu fulani. Kabla hujalipa, ipelekwe ikazibwe matundu, ijazwe hewa ya presha na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Muuzaji akikataa kipimo hicho, ameshakujibu.

Kuna pia kusawazisha uso wa hedi kwa mashine, ambako ni kazi ya halali hedi ikiwa imepinda bila kupasuka. Ila kwenye dizeli chuma cha kukwangua ni kidogo. Ukizidisha, valvu zinaisogelea pistoni, na vikombe vya vile vyumba vya moto hutokeza juu ya uso na kuitafuna gasketi. Na si kila ufa ni msiba: watengenezaji wa baadhi ya injini huruhusu nyufa fupi za juujuu kati ya siti, mradi hazivujishi. Ndiyo maana kipimo cha presha kina neno la mwisho kuliko jicho la fundi, na kuliko chaki.

Kwa anayekwenda kununua pikapu ya namna hii, kuna jambo moja ambalo lingemwokoa shemeji. Mwambie muuzaji usiku uliotangulia kwamba gari asiliwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Kama lina joto, rudi siku nyingine. Kama ni baridi, fungua mfuniko wa rejeta, tazama rangi ya maji na utelezi wa oili juu yake, ufunge, kisha washa na ushike mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Mpira ukiwa mgumu kama tairi ndani ya dakika moja, wakati maji bado ni ya baridi, presha hiyo haiwezi kuwa ya mvuke. Ni gesi ya silinda inayopita kwenye ufa au kwenye gasketi. Mafundi wenye vifaa hutumia kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Dawa ikigeuka kijani au njano, ndani kuna gesi ya moshi. Rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki ya oili ni dalili ya mwisho, si ya kwanza, na muuzaji mjanja huwa ameshabadilisha oili. Wengine humimina dawa ya kuziba ndani ya rejeta, ikadumu muda wa kutosha gari kubadili mmiliki.

Dereva aliyechemsha mlimani naye ana kazi moja ngumu, nayo ni kukaa chini ya mti. Nusu saa au zaidi, mfuniko haujaguswa. Kisha injini iwashwe, iungurume taratibu, na maji yaingizwe kidogo kidogo yachanganyike na yale ya moto yaliyobaki.

Hedi ya shemeji ilibaki nje ya gereji, mafundi wakiikalia wakati wa kunywa chai, mpaka mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mizani yake. Alumini kama hiyo huyeyushwa na kumiminwa kwenye mchanga, ikatoka sufuria nene za kupikia ugali. Sufuria hiyo itawekwa jikoni kila siku, ikung'utwe, ilowekwe maji ikiwa bado ya moto, na haitapasuka. Hakuna aliyeifunga kwa boliti.