Sungura akitokwa tongo, mwangalie na meno

Wengi wanaotuletea sungura hapa Mtwara huwa wameshanunua dawa ya matone dukani, wameidondosha wiki nzima, na jicho bado linachuruzika. Swali letu la kwanza huwashangaza: anakula nini?

Meno ya sungura hayaachi kukua. Akitafuna majani kutwa, yanasagana na kupungua yenyewe. Akishindia pumba na makombo ya ugali, hayasagiki vya kutosha. Mizizi ya meno ya juu inarefuka na kubana mfereji wa machozi. Na sungura ana tundu moja tu la machozi kwa kila jicho, kwenye kope la chini. Mfereji ukiziba, utaona usaha mweupe kama maziwa kwenye kona ya jicho na manyoya ya shavuni yaliyolowa. Mshike na miguu ya mbele, upapase upande wa ndani: manyoya yakiwa yamegandamana kama yamepakwa uji, amekuwa akijifuta usoni siku nyingi bila wewe kujua.

Si kila jicho bovu linatokana na meno. Msimu wa kupulizia mikorosho, vumbi la salfa linamwasha kama linavyotuwasha sisi, kwa hiyo usimkatie majani chini ya mikorosho iliyopuliziwa. Mkojo uliolala bandani nao unachoma macho. Ukiinama ukasikia harufu kali puani, yeye anaivuta usiku na mchana.

Unyasi ukimchoma, kioo cha jicho hupata kidonda. Daktari wa mifugo hudondosha rangi maalumu, na penye kidonda pakaonekana kijani. Tunakisisitiza kipimo hiki kwa sababu matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) yakiingia kwenye kidonda, jicho linaweza kutoboka. Mfereji ulioziba daktari huuzibua kwa maji safi ya chumvi, akatoa antibiotiki ya macho na kupunguza meno yaliyozidi.

Nyumbani futa tongo kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake. Tafadhali usimnyweshe amoksilini: inaua bakteria wanaomsaidia tumboni, na sungura anaweza kuhara hadi kufa. Jicho likitokeza nje, huenda kuna jipu nyuma yake. Huyo, pamoja na aliyegoma kula nusu siku, mlete siku hiyohiyo.