Nobu na matundu ya sintesaiza ya ngoma, kwa wapigaji wa Lamu

Vijana wanaopiga muziki wa arusi hapa Amu wameanza kuniletea sintesaiza za ngoma za analogi, na wengi huniuliza kwa nini mlio wa mashine unafunika ngoma za chapuo na vumi hata pale wanapoishusha sauti yake kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Tatizo haliko kwenye mikisa. Liko kwenye nobu ya urefu wa mlio, ambayo mashine nyingi huiandika Decay, nami naihesabu kuwa nobu muhimu kuliko zote.

Mashine ya aina hii haichezi sauti iliyorekodiwa. Katika Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, ngoma nzito hutokana na sakiti iliyotulia kimya mpaka ipigwe na pigo fupi la umeme. Ikishapigwa hutetemeka kwa sauti ya chini na kufifia yenyewe, jinsi ngozi ya vumi inavyofanya mkono ukishaondoka. Nobu ya Decay hurudisha sehemu ya mtetemo huo ndani ya sakiti ili usife upesi. Ukiizungusha hadi mwisho, pigo la kwanza huwa bado linavuma wakati la pili linaanza, na katika chakacha, ambamo mapigo hufuatana kwa haraka, mvumo wa chini hujaa uwanja wote na chapuo halisikiki tena. Mimi huanza na nobu hiyo ikiwa chini kabisa, nikaipandisha taratibu huku mpigaji wa vumi akipiga, na husimama pale ambapo mlio wa mashine unakwisha kabla mkono wake haujarudi kwenye ngozi.

Nobu ya Tone ya ngoma hiyo nzito haibadilishi kimo cha sauti, ingawa wengi hudhani hivyo. Huongeza au hupunguza ukali wa mguso wa mwanzo. Kwenye snea, ngoma ya mlio mkali ya mashine hiyo hiyo, kuna nobu ya Snappy, inayoongeza kelele ya umeme juu ya toni, na kelele hiyo ndiyo inayoipa snea mchakarisho wake. Simmons SDS-V ya mwaka 1981 ilimpa mpigaji uhuru zaidi, kwa kuwa kila ngoma ina nobu zake za kelele, toni na urefu wa mlio, pamoja na Bend, ambayo hutelezesha kimo cha sauti baada ya pigo. Nawasihi wapigaji waitumie Bend kwa uchache mno, maana mteremko mrefu wa sauti huvuta sikio la msikilizaji mbali na waimbaji, na katika arusi waimbaji ndio kiini cha shughuli.

Nyuma ya mashine, jambo la kwanza ni kutenganisha matundu ya sauti na matundu ya triga, kwa sababu yanaweza kuwa na umbo moja lakini kazi zake ni mbalimbali. Tundu la triga hutoa au hupokea pigo la volti kadhaa linaloamuru ngoma ilie, na pigo hilo halina haki ya kuingia kwenye mikisa. Matundu ya sauti ya kila ngoma peke yake ni neema kubwa: naweza kuishusha ngoma nzito bila kugusa kengele wala matoazi. Hewa yetu ya chumvi hushambulia matundu haya bila huruma, basi yasiyotumika yafunikwe, na plagi zifutwe kabla ya kuchomekwa.

Penye utata zaidi ni plagi ya DIN ya pini 5. MIDI, mfumo wa vyombo vya umeme kupeana amri ulioanza mwaka 1983, hutumia plagi hiyo, na saa ya zamani ya Roland iliyomo katika TR-808, yaani mapigo ya umeme yanayoongoza mwendo wa mashine, hutumia plagi hiyo hiyo, lakini lugha zake hazielewani kabisa. MIDI hupeleka ujumbe wa tarakimu kupitia pini 4 na 5. Saa ya Roland hupeleka amri ya kuanza na kusimama kupitia pini 1, na mapigo ya mwendo kupitia pini 3. Waya ukiingia sawasawa na mashine isitii, sababu mara nyingi ni hii, na dawa yake ni kifaa cha kutafsiri kinachowekwa katikati.

Saa hiyo hutoa mapigo 24 kwa kila noti ya robo, na hesabu hiyo inatufaa sana sisi watu wa pwani. Hugawanyika kwa 4, ukapata hatua ya kila mapigo 6 inayotumika katika muziki wa dansi, na hugawanyika pia kwa 3, ukapata hatua ya kila mapigo 8 inayokaa vizuri na mwendo wa chakacha. Kwenye TR-808 mgawanyo huo huchaguliwa kwa swichi ya Pre-Scale, nayo huwekwa kabla ya kuanza kuandika mdundo.