Uganda ilishinda, mbona Zimbabwe ilibaki juu?

Novemba 2023, mjini Windhoek, Uganda iliifunga Zimbabwe kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la T20, yaani kriketi ile fupi. Uganda ikafuzu, Zimbabwe ikabaki nyumbani. Tanzania nayo ilikuwamo kwenye mashindano yale, kwa hiyo hata hapa Unguja, kwenye baraza ya Jaws Corner inayotawaliwa na kandanda na siasa, habari ilifika. Nikaulizwa: mbona kwenye orodha ya ubora ya ICC, baraza la kimataifa la kriketi, Zimbabwe bado iko juu?

Nasomesha hesabu, na swali hili nalipenda sana. Tumezoea ligi, ambako ushindi ni pointi tatu, umfunge bingwa au wa mkiani. Kriketi haiendi hivyo. Kinachopangwa ni wastani: pointi zote ugawe kwa mechi, na thamani ya ushindi inategemea umemshinda nani.

Chukua timu mbili zilizocheza mechi 30 kila moja. A ina wastani wa 100, B ina 120. A ikishinda inapewa wastani wa B na 50 juu yake, yaani 170. B inapewa wastani wa A ukitolewa 50, yaani 50. Sasa gawa. Pointi 3,000 za A zinakuwa 3,170; kwa mechi 31 ni 102 na kitu. Za B zinatoka 3,600 hadi 3,650. Inashuka hadi karibu 118. Aliyeshindwa bado yuko juu, na hakuna aliyedhulumiwa: mechi moja haifuti thelathini.

Hiyo ni kwa timu zinazokaribiana. Tofauti ikifika 40, mkubwa akishinda anapata wastani wake mwenyewe na 10 tu. Mdogo akishinda anapata wake na 90. Wengi hawaelewi kwa nini. Fikiria timu ya 130 inacheza na ya 70. Kwa kanuni ya kwanza ingeshinda na kupewa 120, chini ya wastani wake. Ingeshinda ikashuka! Kanuni ya pili ipo kuzuia hilo.

Kila Mei orodha husafishwa. Mechi kongwe zinatoka, na zilizochezwa miaka miwili iliyofuata hizo kongwe zinahesabiwa nusu. Ndiyo maana timu inaweza kupanda au kushuka bila kugusa mpira.

Tangu Januari 2019 mechi zote za T20 za wanaume baina ya wanachama wa ICC zina hadhi ya kimataifa, na Tanzania imo kwenye hesabu. Kwa maoni yangu, tusijipangie wanyonge. Ukimshinda ambaye wastani wake uko chini ya wako kwa 40 au zaidi, unapewa wastani wako na 10 tu. Tuwaalike Uganda na Namibia Dar es Salaam, mara kwa mara, hata kama mwanzoni tutafungwa.