Taisei Yokusankai: "chama kimoja" cha Japani ambacho hakikuwa chama

Vitabu vingi vya historia humaliza habari ya Taisei Yokusankai kwa maneno mawili: chama kimoja. Msomaji akishayapata hayo, huiweka Japani ya mwaka 1940 pamoja na Ujerumani na Italia, kisha anafungua ukurasa mwingine. Kumbe serikali ya Japani yenyewe ilitamka Bungeni kwamba Yokusankai si chama cha siasa, na chombo hicho hakikuwahi kushika hatamu hata siku moja.

Jina lenyewe linasema mengi. Taisei ni utawala mkuu, yaani ule wa Mfalme Mkuu. Yokusan ni kusaidia, na herufi inayoanza neno hilo ni ile inayoandika bawa la ndege: msaidizi hapa ni bawa, kichwa ni mwingine. Kai ni jumuiya. Tukiliunganisha tunapata Jumuiya ya Kusaidia Utawala wa Mfalme Mkuu. Hakuna popote katika jina hilo panapotajwa kuongoza, kushindana wala kuchaguliwa.

Aliyeianzisha ni Konoe Fumimaro (Wajapani hutanguliza jina la ukoo), mwana wa moja ya koo kubwa kabisa za makabaila. Alikuwa Waziri Mkuu vita na China vilipowaka Julai 1937, akaonja uchungu wa kuongoza serikali isiyolitawala jeshi lake. Katiba ya mwaka 1889 ililiweka jeshi chini ya Mfalme Mkuu moja kwa moja. Waziri Mkuu hakuwa na amri juu ya majenerali, na waziri wa jeshi akijiuzulu, jeshi likikataa kutoa mwingine, baraza zima la mawaziri linaanguka. Hivyo ndivyo serikali ya Waziri Mkuu Yonai ilivyong'olewa Julai 1940, na Konoe akarudi katika kiti hicho. Konoe alifikiri kwamba akipata chombo kinachowakusanya wananchi wote nyuma yake, ataweza kuwakabili wanajeshi. Wanajeshi nao walikitaka chombo hichohicho, ila kwa kuwakabili wanasiasa. Wanazuoni wa Konoe waliona humo mpango wa uchumi mpya. Kila mmoja aliona sura yake katika kioo kimoja, na ndiyo maana jambo lilienda haraka mno.

Vyama navyo havikungoja kusukumwa. Februari 1940 mbunge Saito Takao alisimama Bungeni akahoji vita vya China vina lengo gani hasa, na vitaisha vipi. Mwezi uliofuata wabunge wenzake wakamfukuza. Bunge linalomtoa mtu kwa kuuliza swali la namna hiyo lilikuwa limekwishajizika lenyewe. Msemo wa wakati ule ulikuwa "msichelewe basi": anayetangulia kujivunja atapata kiti kizuri katika chombo kipya. Chama cha kisoshalisti cha Shakai Taishuto kilijivunja mwanzoni mwa Julai, makundi mawili ya chama cha Seiyukai yakafuata mwezi huohuo, na Minseito, chama kikubwa cha mwisho, kikajifuta tarehe 15 Agosti. Basi lenyewe lilikuwa halijafika kituoni. Kwa karibu miezi miwili Japani haikuwa na vyama vikubwa wala chombo hicho kipya kilichosubiriwa.

Yokusankai ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba 1940. Waliohudhuria walitazamia ilani, lakini kamati ya maandalizi haikuwa imeafikiana juu ya lolote la maana, kwa hiyo Konoe akawaambia kwamba mpango wa jumuiya ni mmoja tu: kila mtu atimize wajibu wake kama raia wa Mfalme Mkuu. Zaidi ya hapo, alisema, hakuna ilani wala tamko. Mtu anayetafuta chanzo cha udhaifu wa Yokusankai asiende mbali na ukumbi huo.

Pigo lililofuata lilitoka upande wa kulia, si kwa wapenda demokrasia. Wahafidhina walidai kwamba chombo chenye nguvu yake chenyewe kati ya Mfalme Mkuu na raia ni bakufu mpya, yaani utawala wa mashoguni (watawala wa kijeshi) uliowaweka wafalme kando kwa karne nyingi. Katika siasa za Japani ya wakati ule, tuhuma hiyo ilikuwa kama kuitwa mhaini. Mapema mwaka 1941 Waziri wa Mambo ya Ndani, Hiranuma Kiichiro, akalieleza Bunge kwamba Yokusankai ni jumuiya ya huduma kwa umma, si ya siasa. Aprili ikapanguliwa: idara zake za sera, mipango na Bunge zikafutwa, katibu mkuu Arima Yoriyasu akaondoka, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikashika usukani. Magavana wa mikoa ndio walioongoza matawi ya mikoa, na rais wa jumuiya alikuwa Waziri Mkuu yeyote aliyepo. Jenerali Tojo alipomrithi Konoe kama Waziri Mkuu Oktoba 1941, alirithi na kofia hiyo pia. Baadaye Koiso, kisha Suzuki. Kwa maneno mengine, chama hakikuiteka serikali. Serikali ndiyo iliyokigeuza kuwa tarishi wake.

Na tarishi huyo alifika hadi mlangoni. Septemba 1940, mwezi mmoja kabla ya uzinduzi, Wizara ya Mambo ya Ndani iliagiza kila mtaa na kijiji kigawanywe katika tonarigumi, vikundi vya majirani wa nyumba kumi hivi. Vikundi hivyo, zaidi ya milioni moja nchi nzima, viliwekwa chini ya uongozi wa Yokusankai mwaka 1942. Chombo chao kikuu cha kazi kilikuwa kairanban, kibao chenye karatasi za matangazo. Nyumba ya kwanza inasoma, inapiga mhuri wa jina kuonyesha imesoma, inakipeleka kwa jirani, mpaka kibao kimalize mzunguko. Humo mlikuwa na kila kitu: mazoezi ya kuzima moto wa mabomu, ununuzi wa hatifungani za vita, ukusanyaji wa vyuma, mkutano wa mwezi. Mhuri usipoonekana, majirani wote wanajua ni wa nani.

Kilichokipa kibao hicho makali ni chakula. Mchele wa mgao, ulioanza katika miji mikubwa Aprili 1941 kwa kiasi cha gramu 330 hivi kwa mtu mzima kwa siku, pamoja na bidhaa nyingine za mgao, vilishughulikiwa kupitia majirani haohao. Unaweza kukwepa hotuba, lakini huwezi kumkwepa jirani anayejua jiko lako lina watu wangapi. Kaulimbiu iliyotoka katika shindano la Yokusankai na magazeti mwaka 1942, "Hatutaki kitu mpaka tushinde", ilisikika vizuri zaidi mahali ambapo kitu chenyewe hakikuwepo.

Uchaguzi wa tarehe 30 Aprili 1942 unaonyesha mipaka ya mfumo huu. Kwa kuwa Yokusankai haikuruhusiwa kufanya siasa, ilibidi kiundwe chombo cha pembeni chini ya Jenerali Abe Nobuyuki, kikapendekeza wagombea 466, sawasawa na idadi ya viti. Walishinda 381. Viti 85 vilivyobaki vilichukuliwa na wagombea wasiopendekezwa, jambo ambalo katika nchi ya chama kimoja cha kweli lisingewezekana. Saito, yule aliyefukuzwa, alirudi akiongoza kwa kura jimboni kwake. Na si kwamba serikali ililala: polisi na maofisa waliwabana wasiopendekezwa kila mahali. Katika jimbo la pili la Kagoshima hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mahakama ya juu kabisa, chini ya jaji Yoshida Hisashi, ilifuta matokeo tarehe 1 Machi 1945, mabomu yakiwa yanaanguka.

Baada ya uchaguzi wabunge karibu wote waliingizwa katika Yokusan Seijikai, chombo kingine kabisa, kilichosajiliwa kwa ajili ya siasa. Majina haya mawili huchanganywa mara kwa mara.

Yokusankai yenyewe ilivunjwa tarehe 13 Juni 1945, watu wake wakiingizwa katika vikosi vya kujitolea vya wananchi vilivyoandaliwa kuikabili Marekani ikishuka pwani. Konoe alikunywa sumu Desemba mwaka huo, siku aliyotakiwa kujisalimisha kama mtuhumiwa wa uhalifu wa kivita. Mwanzoni mwa 1946 jeshi la Marekani na washirika wake lililoikalia Japani liliwazuia waliopendekezwa mwaka 1942 kushika nyadhifa za umma, na tonarigumi zikapigwa marufuku mwaka 1947. Kibao hakikufa nazo. Katika mitaa mingi ya Japani kairanban bado hupita nyumba hadi nyumba, siku hizi kikibeba ratiba ya takataka na tangazo la mazoezi ya tetemeko la ardhi.