Kwa nini 720,720 hugawanyika kirahisi

Akina mama wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, walikuwa wanavunja kikoba. Watu 7, shilingi 1,000,000. Simu ikatoa 142,857.14 na tarakimu nyingine nyuma yake. Mweka hazina akanigeukia: "Mwalimu, hakuna kiasi kinachogawanyika vizuri hata tungekuwa wangapi?"

Cha kumtosha kila idadi hakipo. Lakini kama hamzidi 16, kipo. Ukihesabu kuanzia 1, namba ya kwanza kabisa inayogawanyika bila baki kwa 2, kwa 3, hadi kwa 16 ni 720,720. Watu 7 wanapata 102,960 kila mmoja. 13 wanapata 55,440. 16 wanapata 45,045. Milioni ni kubwa zaidi, lakini watu 3 tu wanaishinda.

Wengi hudhani ni lazima kuzidisha 1×2×3 mpaka 16. Jibu lake linapita trilioni 20, bure kabisa. Hii ni KDS (kigawe kidogo cha shirika) ileile ya shule ya msingi, na kazi yote inafanywa na namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Namba 16 inadai 2 nne (2×2×2×2), nazo zinatosha kwa 4 na 8 pia. Namba 9 inadai 3 mbili. Kisha 5, 7, 11 na 13, moja moja. Namba 12 haidai kitu kipya: 4 yake imo na 3 yake imo. Sasa zidisha. 16×9×5 ni 720. 7×11×13 ni 1,001. Na 720 mara 1,001 ndiyo hiyo 720,720. Kujirudia kwa tarakimu zake si bahati: 720 mara 1,001 ni 720,000 ukiongeza 720. Mimi hupenda sana hapo.

Namba zinazoigawanya bila baki ziko 240. Milioni inazo 49.

Ongeza shilingi moja tu, iwe 720,721. Kila namba kuanzia 2 hadi 16 sasa inaacha baki 1, kwa kuwa kinachogawanya namba mbili zinazofuatana lazima kigawanye pia tofauti yao, nayo ni 1. Namba zinazoigawanya bila baki sasa ni nne tu: 1, 71, 10,151 na yenyewe.

"Akiingia mwanachama wa 17?" akauliza.

17 ni tasa na haimo, mama, kwa hiyo tunazidisha kwa 17: 12,252,240. Wa 18 anaingia bila kuongeza kitu, maana 2 na 9 zake zimo tayari. Wa 19 atatudai tuzidishe tena.